Mwaka Tuliotoa Injini Chini ya Tangi la Maji

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya Adams Arcade, tukipanga mazishi ya Mama Nekesa. Kijana mmoja wa ukoo, mpole, suti imembana mabegani, alisimama akatusomea maisha ya marehemu kutoka kwenye simu yake. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na marehemu Fundi Wanjala, akamuuguza mumewe kwa subira, akaimba kwaya, akawa mama wa nyumbani mwenye bidii. Watu wakasema amina. Hakukuwa na uongo wowote pale, na bado nilihisi damu ikinipanda kichwani, kwa sababu mwanamke huyo mimi nilimwona kwa macho yangu amelala chali chini ya gari, leso imefungwa kiunoni, bolti mbili kati ya meno, akiniuliza kwa pua kama sufuria ya maharagwe nimeiongezea maji. Sikusimama kumsahihisha kijana wa watu. Matangani si mahali pa kubishana, na marehemu mwenyewe angenikanya. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa mezani kuandika, kwa sababu mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu ninayejipenda, na sitaki upotee kwa adabu zangu.

Nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi katika ofisi moja Westlands, hapa Nairobi, kazi ya kutabasamu na kuinua simu, nikahamia chumba kimoja Kabiria kwa sababu ndicho nilichoweza. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, uwanja wa saruji iliyopasuka katikati, na mwisho wa uwanja tangi la maji juu ya mnara wa vyuma. Chini ya tangi hilo ndipo lilipokufa gari la Fundi Wanjala, pikapu ya rangi ya chai ya maziwa, tairi zimelegea, kuku wa Mama Shiro wakitaga mle ndani bila wasiwasi. Mama Shiro ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ploti. Fundi mwenyewe alikuwa ametengeneza magari ya watu miaka mingi katika gereji ya wazi kule Kawangware, na la kwake akaliahirisha kila mwezi kama mafundi wote wanavyofanya. Injini yake ilikuwa imenoki, yaani imejisaga ndani mpaka haifai. Kisha, mwaka mmoja kabla mimi sijafika, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu wa kulia, na maneno yake yakawa ya polepole, kila moja analitafuta kabla ya kulitoa. Gereji ilimpa pole na kuku, wakampa mtu mwingine nafasi yake.

Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa mwembamba, na mimi nakiri bila aibu kwamba nilisikiliza. Si kwa kutega sikio, la, nilikuwa nakunywa chai tu, na maneno yalinifuata kikombeni. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Mzee Simiyu, kaka mkubwa wa Fundi, alipokuja kutoka Bungoma mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimemwona akiingia, mtu mkubwa, kofia mkononi, na mfuko wa njugu karanga. Walikunywa chai kwanza, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za binti yao Nekesa aliyekuwa shule ya bweni. Kisha sauti yake ikashuka.

“Nairobi ni ya mtu ako na mikono,” alisema. “Sasa wewe unakaa hapa unangoja nini? Nyumbani kuko na maziwa, kuko na watu. Tutakuangalia.”

“Kwani mimi simwangalii?” Mama Nekesa aliuliza.

“Mulamwa, sijasema hivyo.” Mulamwa ndiyo shemeji kwa lugha yao. “Unamwangalia vizuri sana. Lakini fundi bila kazi ni mgeni kwa hii mji.”

 Kisha nikamsikia Fundi akihangaika na maneno yake. “Gari yangu... ikitembea?”

“Ile ya kuku?” Mzee Simiyu alicheka, lakini kwa huruma. “Sawa. Hiyo ikitembea, mimi nanyamaza, sitakuuliza tena. Isipotembea, Pasaka nakuja na gari, nakuchukua.”

Kesho yake tulikutana bombani, mimi na ndoo yangu, Mama Nekesa na zake. Macho yalikuwa yamemvimba. Nikajifanya sijui kitu, naye hakunipa nafasi ya kuendelea kujifanya. “Umesikia yote, Wairimu, hii ukuta najua,” aliniambia. “Huyu mtu akienda kukaa kule kwa kiti angoje kuletewa chai, hatamaliza mwaka. Si ati watamtesa. Watampenda hadi afe. Ukimtoa kwa magari umemtoa kwa uhai.” Nikamwuliza sasa atafanya nini. Akainua ndoo yake, akaiweka kichwani, akanyoosha shingo. “Yeye ako na akili. Mimi niko na mikono. Kwani injini inataka nini kingine?”

Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati huo, wenye vyeti ukutani na magari ya kampuni, na nimehudhuria mafunzo ya uongozi katika hoteli za Westlands ambako tulipewa peremende kwenye vibakuli. Sijasikia hata mmoja aliyeeleza mpango wa kazi kwa ufupi na ukweli kama ule. Wakati huo lakini nilidhani amechanganyikiwa. Alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana kule gereji miaka mingi, akisubiri vyombo, na kwa kusubiri huko alijua spana kwa majina na namba zake jinsi mimi nilivyojua waimbaji wa redio. Lakini kujua jina la spana ni kitu kimoja, na kutoa injini pamoja na giaboksi yake nyumbani, bila winchi wala shimo la fundi, ni kitu kingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili tulikwenda naye mjini, Grogan, kule ambako injini za mitumba hupangwa chini barabarani kama maboga sokoni. Fundi alikuwa amemfundisha juma zima, na mimi nilikuwa nimesikia somo lote kupitia ukutani. Kijana wa duka akatupokea kwa maneno mengi. “Mathee, hii ni clean kabisa. Imeingia juzi. Hutapata kama hii.” Mama Nekesa akainama. Akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole chini yake, akanusa. Akaomba spana, akaikamata bolti kubwa ya mbele na kuizungusha injini kwa mkono, polepole, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. Ya kwanza akaikataa. Ya pili akaikataa. Ya tatu akaizungusha mara nyingi, kisha akanitazama na kutikisa kichwa kukubali. Kijana alikuwa ameacha maneno yake. “Mathee, kwani uko na garage?” aliuliza.

“Niko na bwana,” alisema Mama Nekesa, akafungua mkoba.

Injini ikaja Kabiria kwa mkokoteni, na hapo ndipo ilipobidi ploti nzima ishirikishwe. Fundi alitaka kutundika cheni bloki, ile mashine ya minyororo na ndoano inayoinua vitu vizito, kwenye mnara wa tangi. Hapakuwa na chuma kingine chenye nguvu pale. Lakini alitaka tangi liwe tupu kwanza, ili mnara ukichezacheza tusimwagikiwe maji wala kuangukiwa na tangi lenyewe. Kumaliza maji ya ploti Jumamosi, siku ambayo Nairobi yote inafua, ni kutafuta vita. Mama Nekesa akapita mlango hadi mlango, akiomba watu wafue Ijumaa, wakusanye maji kwenye beseni na madumu, na kamba za nguo zishushwe. Mpangaji mmoja akauliza kama mwenye nyumba amepewa habari. Mama Shiro akamjibu kutoka mlangoni kwake, mwiko mkononi: “Landlodi hakai hapa. Mimi ndio nakaa hapa. Fua Ijumaa.” Na Ijumaa ile, wanawake waliotoka kazini wamechoka walifua hadi wakamaliza, na Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa mweupe, hauna hata soksi.

Kuku wa Mama Shiro walifukuzwa. Fundi akaletwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, fimbo katika mkono wa kushoto, na mimi nikamwona kwa mara ya kwanza kama alivyokuwa kabla ya ugonjwa. Uso wake ulichangamka. Maneno bado yalichelewa, lakini fimbo haikuchelewa, ilionyesha bolti, ikagonga chini mara moja kwa kulegeza na mara mbili kwa kuacha. Boneti ikatoka. Redieta ikatoka. Kila waya uliochomolewa Mama Nekesa aliufunga kitambaa cha rangi yake, vipande vya nguo kuukuu, ili nyaya zote zirudi mahali pake. Kulikuwa na bolti mbili juu ya giaboksi, zimejificha mahali ambapo mkono wake mnene haukuweza kufika. Fundi alinitazama, akatazama mkono wangu, akainua fimbo. Nilikuwa nimevaa sketi ya kazini na kucha nimepaka rangi. Nikapanda juu ya gari, nikaingiza mkono mpaka begani, na nilipoihisi bolti ya kwanza ikikubali kuzunguka, niligundua furaha ambayo ofisi ile haikuwahi kunipa na haijanipa hadi leo.

Tukavuta mnyororo, mimi na Mama Nekesa kwa zamu. Injini ikainuka na giaboksi yake nyuma, pua juu mkia chini, ikining'inia chini ya mnara, nzito, inadondosha oili. Nilidhani sasa tutaisogeza. Fundi akacheka kwa pumzi. “Injini... haiendi. Gari... ndio inaenda.” Ploti nzima ikaja mbele ya ile pikapu, ikaisukuma, Mama Shiro akihesabu kwa Kikuyu, na gari likarudi nyuma taratibu, likaiacha injini yake inaning'inia peke yake hewani.  Mama Nekesa alikuwa ameshika mnyororo, jasho linamtiririka, na nilimwona akimtazama mumewe kwa namna iliyonifanya nigeuke nitazame ukuta.

Kazi iliyofuata ilichukua Jumamosi nyingi, maana siku za juma yeye alikuwa na vibarua vyake na mimi nilikuwa na tabasamu langu la Westlands. Vitu vidogo vilikataa. Mauntini ya mpira inayoshikilia injini ilipasuka, tukatafuta nyingine. Mvua ilikuja, tukafunika kila kitu kwa nailoni. Tulikula pamoja chumbani mwao, maharagwe na chapati, sahani juu ya sanduku la zana, na Fundi alitufundisha kwa uma na vijiko, kijiko hiki ni shafti, kikombe hiki ni silinda. Mama Nekesa alikuwa na hasira za karibu, tuseme ukweli. Alitukana spana, akamtukana aliyeibuni, akaniambia mimi ni mzembe nilipoangusha nati ndani ya mchanga. Kisha aliomba Mungu amsamehe na kuendelea. Nilimpenda zaidi kwa hasira hizo, kwa sababu hazikuwahi kumwangukia mumewe, hata siku alipomwaga chai juu ya gasketi mpya kwa mkono usiomtii.

Kosa letu tulilifanya kwa heshima. Kabla ya kuunganisha giaboksi na injini mpya, kuna sahani ya klachi inayokaa katikati yao. Ni kitu cha mviringo, ukubwa wa sahani ya ugali, upande mmoja ni bapa na mwingine una kitovu kilichotokeza, na kitovu hicho lazima kitazame giaboksi. Fundi aliishika kwa mkono wake mzima, akaibandika kifuani, kitovu kikitutazama sisi tuliochuchumaa mbele yake. “Hivi,” alisema. Kichwani mwake, kifua chake kilikuwa injini na sisi tulikuwa giaboksi. Lakini injini yenyewe ilikuwa nyuma yetu, na tulipoipokea sahani ile hatukuthubutu kuigeuza hata kidogo. Tuliibeba vilevile ilivyokuwa, kitovu mbele, kama watu waliokabidhiwa sadaka, tukaiweka kitovu kikitazama injini. Mama Nekesa alikuwa amechonga kipande cha mti wa ufagio cha kuiweka katikati sawasawa, na ilikaa vizuri sana. Fundi kutoka kitini mwake aliona migongo yetu tu.

Kila kitu kikarudi ndani ya gari, na Jumamosi ya Pasaka, mchana, Mama Nekesa akakaa kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Sijui kama nitasikia tena vigelegele kama vile. Mama Shiro alinikumbatia akaniinua. Kisha Mama Nekesa akakanyaga klachi, akasukuma gia, na pakatoka mlio wa chuma kusaga chuma uliotufanya sote tushike masikio. Akajaribu tena. Mlio ule ule. Akazima. Fundi alikuwa amefumba macho.

“Ile sahani,” alisema. “Kitovu... kiliangalia wapi?”

“Vile ulituonyesha,” nilijibu. Nikainuka kueleza, nikasimama mahali nilipokuwa nimechuchumaa siku ile, nikageuka, na nilipogeuka nikaelewa. Yeye pia alielewa. Alianza kutikisika mabega, na nikadhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamshuka upande mmoja wa uso. Mkewe hakucheka. Aliketi chini kwenye saruji, miguu mbele, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mzee Simiyu alikuwa anakuja Jumatatu. Kulirekebisha kosa lile ilibidi injini na giaboksi zitolewe upya, kila bolti, kila waya. Wanawake walikaa naye pale chini. Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa leso, akabaki na mstari mweusi wa grisi kutoka jicho hadi kidevu, akatuangalia mmoja mmoja. “Nani alisema atafua kesho?” aliuliza. “Asifue.”

Jumapili ya Pasaka alikwenda ibada ya kwanza, akaimba, akarudi. Nilimkuta amevua gauni la kwaya, amelikunja vizuri juu ya kitanda, na kuvaa suruali ya kazi ya mumewe. Wengine walikuja na nguo zao za kanisani, lesi na vilemba, leso zimefungwa juu, wakasukuma gari nyuma, kisha mbele. Nimewahi kuulizwa kama naamini miujiza na mara nyingi nasita. Lakini kazi iliyotuchukua majuma tuliifanya tena siku ile na asubuhi ya Jumatatu, kwa sababu sasa mikono ilijua. Yule mwanamke hakuwa anaitazama fimbo tena. Alikuwa anaifikia bolti kabla fimbo haijaonyesha, na Fundi, alipoona hivyo, akaiegemeza fimbo ukutani na kukaa akimtazama tu.

Mzee Simiyu aliwasili kabla ya chakula cha mchana, na pikapu ya kukodi ambayo nyuma yake walikuwa wametandika godoro na mito miwili. Mama Nekesa alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la bluu, yuko jikoni kwa Mama Shiro anapakua kuku. Fundi alikuwa uwanjani, kwenye kiti. Walisalimiana, na kabla kaka yake hajasema lolote Fundi akamnyooshea ufunguo. Mzee akautazama, akautazama mnara, akautazama ule uwanja uliojaa mafuta. Akaingia garini, tukamsaidia Fundi kuketi kando yake, na wakatoka getini. Gia iliingia bila kelele. Tulisimama pale tukisikiliza sauti ikienda mpaka ikapotea upande wa Riruta, kisha ikarudi.

Aliposhuka Mzee Simiyu alifunga mlango wa gari taratibu. “Nilisema nitanyamaza,” alisema. “Nimenyamaza. Kaa.” Kisha, kwa sababu alikuwa mtu anayependa gari zuri: “Nani amekufungia hii injini?”

“Mimi,” alisema Fundi Wanjala.

Nilifungua mdomo. Mama Nekesa, aliyekuwa anapita na bakuli la mchuzi, alinikanyaga mguu na kuendelea na safari yake. Hivyo ndivyo Fundi alivyobaki Kabiria, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walileta magari yao chini ya lile tangi, wakisema hakuna mkono kama wa Wanjala, na mkewe akiwaambia asanteni sana huku akijifuta grisi. Nilipomwuliza baadaye kama haikumchoma, alinishangaa. “Mimi nilitaka abaki,” alisema. “Amebaki.”

Lakini kabla hatujala Jumatatu ile, kabla ya ugali kukatwa, Mama Nekesa alipita na jagi na beseni kuwanawisha wageni, kama mwenye nyumba anavyofanya. Alianza na Mzee Simiyu, akainama mbele yake. Mzee akaweka mikono yake mikubwa chini ya maji, akaanza kuisugua, kisha akaacha kusugua. Maji yakaendelea kumiminika. Alikuwa anatazama vidole vilivyoshika jagi. Mama Nekesa alikuwa amevisugua kwa sabuni ya unga, kwa mchanga na kwa mafuta ya taa, na bado kila kucha ilikuwa nyeusi, kila mkunjo mweusi, na kidole gumba kimepasuka. Mzee akatazama mkono wa kulia wa ndugu yake, uliolala safi juu ya goti. Akarudi akatazama ile iliyoshika jagi. Fundi akainamisha kichwa.

Mzee Simiyu akasimama, akalichukua jagi mkononi mwake.

“Mulamwa,” alisema. “Leta mikono.”

“Hapana, wewe ni mgeni.”

“Leta mikono.”

Akaileta. Shemeji yake akammiminia maji polepole, kwa makini, hadi jagi likaisha, na yale mafuta hayakutoka hata kidogo.